Maswali ya Lugha: Hayo maneno ya ziada kwenye Kiingereza yana kazi au yamekaa tu?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza nakuandikia. Kazi yangu ni kuandaa ripoti na barua kwa Kiingereza, na bosi wangu ana kalamu nyekundu ambayo haichoki. Nikiandika "whether or not" anafuta "or not". Nikiandika "I saw it with my own eyes" ananiuliza kwani ungeona kwa macho ya nani. Juzi kafuta "both", kafuta "that", kafuta "in order", sentensi ikabaki mifupa mitupu. Yeye anasema Kiingereza kizuri ni kifupi, neno likirudia kitu kilichokwisha semwa ni takataka. Sasa mimi moyoni nahisi mengine akiyatoa sentensi inakuwa siyo ile tena, lakini akiniambia nieleze tofauti iko wapi nashikwa na kigugumizi. Hivi kweli haya maneno yanabadilisha maana au ni mazoea yangu tu? (Mwandika ripoti)

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole na hiyo kalamu. Bosi wako kwenye mengine kapatia, kwenye mengine kakuharibia kazi na wala hajui, na ubaya wake ni kwamba anatumia kipimo kimoja kwa yote, yaani anauliza "hili neno linarudia kitu?" na likirudia linakwenda na maji. Mi nakushauri ujiulize kitu tofauti kidogo: hili neno linafunga mlango gani? Maana neno la ziada mara nyingi kazi yake siyo kuongeza habari mpya, ni kumzuia msomaji asielewe kitu kingine. Ukilitoa, angalia mlango gani umebaki wazi na nani anaweza kupita hapo.

Tuanze na "or not" maana hapo bosi anaweza kuwa sahihi asubuhi na jioni akawa kachemka. Ukiandika "I don't know whether or not he is coming", mwache afute, "sijui kama anakuja" inatosha na hakuna aliyepoteza kitu. Lakini "I will come whether or not it rains" ndo ile yetu ya "nitakuja, inyeshe isinyeshe". Hebu mfutie Mswahili hiyo "isinyeshe" uone kinachobaki: "nitakuja, inyeshe". Imekuwa nini hiyo sasa, dua ya kuomba mvua? Kiingereza nacho kinaumia hapo hapo, "I will come whether it rains" inaning'inia hewani mtu anasubiri umalizie. Kipimo chake rahisi, weka "if" mahali pa "whether". Kama maana imebaki ile ile basi "or not" ni pambo. Kama imegeuka, na hapa inageuka kweli maana "I will come if it rains" ni nitakuja mvua ikinyesha, kukiwa kavu hamtaonana, basi mwambie bosi aweke kalamu chini.

"Both" ndo hatari zaidi na watu wengi hawaijui hatari yake. Chukua "John and Mary bought a car". Magari mangapi hapo? Linaweza kuwa moja walilochangia, yanaweza kuwa mawili, sentensi haisemi. Ongeza "both" mwanzoni, "Both John and Mary bought a car", sasa kila mmoja kanunua lake, na ukisema hivyo halafu baadaye ikagundulika ni gari moja watu watakwambia ulitudanganya. Ama hii nyingine, "John and Mary are married", msikilizaji anaanza kuwapongeza, anajua ni mke na mume. "Both John and Mary are married" ni kama mtu anakunong'oneza kwamba wote wawili wana ndoa zao huko nyumbani, kwa hiyo hao wanaoonekana pamoja kila jioni ni habari nyingine. Kineno kimoja tu kimeleta kesi! Na ukiangalia juu juu utasema hakina kazi, si majina mawili yashatajwa, ya nini kusema wawili tena.

Kuhusu "that" nina kidonda changu mwenyewe. Zamani kidogo niliandikia ofisi moja barua, mle ndani nikaripoti maneno ya mteja hivi: "He said on Monday he would pay". Nilikuwa nimeweka "that", nikaisoma, nikaona inazidi, nikaifuta nikajiona fundi. Mi nilimaanisha kwamba siku ya Jumatatu mteja alisema atalipa, lini atalipa hakutaja. Waliopokea wakasoma kwamba Jumatatu ndo siku ya malipo, ikafika Jumatatu, hela hakuna, simu zikaanza kupigwa kwa ukali kwenda kwa mtu ambaye hakuwahi kuahidi siku yoyote. "He said on Monday that he would pay" na "He said that on Monday he would pay" ni sentensi mbili ambazo hazifanani hata kidogo, "that" imesimama pale kama uzio inaonyesha Jumatatu ni ya upande gani. Tangu siku ile "that" siigusi kabla sijaangalia kushoto na kulia kwake kuna neno gani la muda.

Na usifikiri hii ni tabia ya Kiingereza peke yake, sisi wenyewe tunayo kila siku ila tumeizoea hatuioni. "Nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Hiyo "ki" ya katikati inafanya nini wakati kitabu chenyewe kimetajwa hapo hapo mbele? Mtu wa kalamu nyekundu angeifuta bila huruma. Lakini wewe ukisikia "nimekisoma kitabu" unajua ni kile tunachokijua mimi na wewe, kile ulichoniazima labda, na ukisikia "nimesoma kitabu" ni kitabu fulani tu, au hata ni kueleza nilikuwa nafanya nini mchana. Hakuna mtu aliyekufundisha hilo darasani, umekua nalo. Vivyo hivyo "nilimwambia" na "mimi nilimwambia": nafsi imeshakaa ndani ya kitenzi, lakini hiyo "mimi" ya mbele inabeba ugomvi mzima, kwamba wengine mlikaa kimya mimi ndo nilisema. Kwa hiyo ukishikwa na kigugumizi mbele ya bosi, mtolee mfano wa "ki" ya kitabu, nadhani ataelewa haraka kuliko gramari yoyote ya Kiingereza.

Sasa "with my own eyes". Hapa lazima tuwe waangalifu maana hii siyo kama "both". Ukisema "I saw him take the money" na "I saw him take the money with my own eyes", tukio ni moja, kama la kwanza ni kweli na la pili ni kweli. Kinachobadilika ni msimamo wako. Wa pili anajibu shaka ambayo bado haijatamkwa, anasema sikuhadithiwa, sikuona kwenye picha ya kutumiwa, usinitafutie tafsiri. Sisi tunasema "nimemwona kwa macho yangu haya mawili" na hakuna aliyewahi kumuuliza msemaji kwani una mengine mangapi. Isitoshe "see" ya Kiingereza, kama "kuona" yetu, inabeba pia kuelewa. "I saw that he was lying" hakuna jicho lililofanya kazi hapo, ni akili. Ukiongeza macho umeirudisha kwenye macho. Kwenye ripoti ya kawaida ya mwezi bosi afute tu, haina haja ya viapo. Kwenye maelezo ya shahidi usikubali ifutwe hata kwa dawa.

Kuna mwanafalsafa Mwingereza, Paul Grice, alitoa mihadhara pale Harvard mwaka 1967 ambayo watu wa isimu mpaka leo wanaila kama chakula, na moja ya hoja zake ni kwamba watu wakizungumza wanachukuliana kuwa kila mmoja anasema kiasi kinachohitajika na kwa njia iliyonyooka. Sasa mtu akipita njia ndefu wakati ya mkato ipo, msikilizaji hasemi tu "huyu anapenda maneno", anaanza kutafuta sababu. Ukisema "She stopped the car" naona mguu kwenye breki, basi. Ukisema "She made the car stop" naanza kuwaza, alivuta breki ya mkono? Alisimama barabarani mikono juu? Gari lilisimama kote kuwili na hakuna aliyedanganya, lakini ile ndefu imeniachia harufu ya jambo lisilo la kawaida. Ndo maana nasema kuna mabadiliko ya aina mbili na bosi wako ameyachanganya. Kuna neno ambalo ukilitoa ukweli wenyewe unahama, kama "both" na ile "that" ya Jumatatu, na kuna neno ambalo ukilitoa ukweli unabaki palepale ila kile msomaji anachokushuku ndo kinahama. La kwanza huruhusiwi kugusa. La pili ni uamuzi wako wewe mwandishi, unataka akushuku nini.

"In order" kwa kawaida naifuta hata mimi. "I went to the office in order to sign", nani anaihitaji? Lakini angalia "He hired a man to impress the boss". Nani atamfurahisha bosi, aliyeajiri au aliyeajiriwa? Weka "in order to impress the boss" utata umekwisha, ni yule aliyeajiri anajipendekeza. Pia kwenye kukanusha, "in order not to" inakaa vizuri mdomoni kuliko "not to" peke yake, mtu hasomi mara mbili.

Ila sikia jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kuligundua: tunaogopa mafungu marefu, "at this point in time", "due to the fact that", tunayafuta kwa raha, na kweli hayo mengi ni upepo tu, "now" na "because" zinatosha. Wakati huo huo vineno vya herufi mbili hadi nne tunavipita kama havipo na vyenyewe ndo vinaua. "The house burned", nyumba iliungua, labda jiko tu na dari kidogo. "The house burned down", imeteketea, hakuna nyumba. Mwambie mtu wa bima kwamba "down" ni neno la ziada uone atakavyochangamka. "He shot the bird", ndege kapatikana. "He shot at the bird", kajaribu, ndege yuko mtini anamcheka. "I know him", namfahamu, tunasalimiana. "I know of him", nimemsikia tu kwa watu. "Eat your food" kula, "eat up" maliza sahani. Kwa hiyo kalamu ikipita, usihofie sana mistari mirefu iliyokatwa, hofia herufi mbili.

SWALI: Mimi natafsiri mikataba kutoka Kiingereza. Kila ukurasa "null and void", "will and testament", "goods and chattels", "indemnify and hold harmless". Nitafute maneno mawili ya Kiswahili kila mara au moja linatosha? Mteja wangu analipa kwa neno kwa hiyo na yeye anataka yapungue, haha. (Mtafsiri)

JIBU: Mteja anajua kuhesabu huyo! Haya mapacha yana historia. Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa chao, wananchi Kiingereza, na maandishi rasmi mengi Kilatini. Mahakamani Kifaransa kilikaa sana, mpaka mwaka 1362 ikatoka sheria kwamba kesi zijadiliwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawakielewi hicho Kifaransa, japo kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini. Kwenye mchanganyiko huo ikawa salama kutaja kitu kwa majina mawili ili kila mtu aelewe: "will" ni ya Kiingereza cha zamani na "testament" imetoka Kilatini, "goods" ya wenyeji na "chattels" ya Kifaransa. Ila usiibebe hadithi hii kwa kila pacha, maana "null and void" yote mawili yalikuja kwa njia ya Kifaransa, na "to have and to hold" yote mawili ni Kiingereza cha wenyeji kabisa. Mengine watu waliyapenda kwa mlio wake tu, kama sisi na "salama salimini" na "raha mustarehe", ambapo maneno yote mawili ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu na bado tunayatamka pamoja kwa sababu yanapendeza.

Kwa hiyo "null and void" andika "batili" ulale usingizi, "will and testament" ni "wosia", imeisha. Lakini usijizoeshe kuunganisha kila kitu chenye "and" katikati, hapo ndo utakuja kuumbuka siku moja. "Breaking and entering", yaani kuvunja na kuingia, inasikika kama pacha, kumbe katika sheria ya zamani ya Kiingereza hayo ni matendo mawili na kila moja lilitakiwa kuthibitishwa peke yake. Mtu aliyepita mlango uliokuwa wazi kaingia lakini hakuvunja. Mtu aliyefungua mlango uliofungwa, hata bila kupasua kitu, kavunja kwa maana ya sheria, lakini kama hakuingiza hata mkono bado hajaingia. Ukiandika "kuvunja" tu umelipoteza tendo moja la kesi.

Na "indemnify and hold harmless" ndo mwiba wenyewe. Kuna mahakama za Marekani zimesema ni kitu kimoja kwa majina mawili, na kuna nyingine zimeona ni vitu viwili. Sababu ni kwamba majaji wana mazoea ya kusoma mkataba wakiamini kila neno liliwekwa kwa kazi yake, hawapendi kuona neno limekaa bure. Angalia uchungu wake sasa: mwanasheria kaongeza neno la pili ili awe na uhakika, miaka baadaye mwanasheria wa upande wa pili anasimama na kusema kama lingekuwa na maana ile ile msingeliandika, kwa hiyo lina maana nyingine na maana yenyewe ni hii hapa inayomfaa mteja wangu. Wewe mtafsiri huna mamlaka ya kuamua hilo. Hapo tafsiri yote mawili, kwa mfano "kulipa fidia na kutomwajibisha", halafu muulize aliyeandika mkataba alikusudia kimoja au viwili. Akicheka na kusema "ni mazoea tu" mwombe akuandikie kwa maandishi.

SWALI: Kwa nini Waingereza wanasema "not uncommon" badala ya "common"? Si wangenyooka tu? Shuleni tuliambiwa hasi mbili zinafutana. (Mwanafunzi)

JIBU: Mwanafunzi, wewe ukiulizwa habari za biashara na ukajibu "si haba", umemaanisha nyingi? Hapana. Umesema siyo kidogo, ila hutaki kujisifu na pia hutaki mtu aje kukopa. Iko pale katikati. "Not uncommon" ni hivyo hivyo, siyo adimu lakini sikuahidi utaikuta kila kona, na "not unhappy" ni mtu ambaye hana huzuni ila usimwite kwenye ngoma. Kwa hiyo hazijafutana kabisa, zimeacha nafasi kati ya huku na kule.

Hilo la kufutana lilitiliwa nguvu na vitabu vya gramari, na anayetajwa sana ni Robert Lowth, kitabu chake cha gramari cha karne ya 18 kilisema hasi mbili katika Kiingereza zinaangamizana na kuwa sawa na kukubali. Karne kadhaa kabla yake, enzi za Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, waandishi walirundika hasi mbili tatu kwenye sentensi moja kukazia tu na msomaji akaelewa ni hapana moja kubwa. Na leo hii wako watu wengi wanaoongea Kiingereza tangu utotoni wanasema "I don't know nothing", na hakuna msikilizaji hata mmoja anayedhani amesema anajua kitu. Kwenye mtihani fuata Lowth. Mtaani sikiliza mtu kamaanisha nini. Sisi Kiswahili "hakuna asiyejua" inafutana safi kabisa, kila mtu anajua, lakini hata hapo jisikilize vizuri, "hakuna asiyejua" ina kejeli kidogo ambayo "wote wanajua" haina.

SWALI: "PIN number" na "HIV virus" je? Nasikia ni makosa makubwa. (Wa simu)

JIBU: Hayo hayabadilishi maana hata punje. "N" ni "number" tayari, "V" ni "virus" tayari. Watu wanaongeza kwa sababu kifupisho kikikaa sana kinakuwa jina, herufi zake zinasahaulika, na pia "pin" peke yake inasikika kama sindano. Sisi tunaosema "virusi vya VVU" tusiwacheke, V ya kwanza hapo ni virusi. Kwenye maandishi rasmi nafuta, mdomoni sijali.

SWALI: Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema "repeat again" na "return back" kila siku. Darasa zima tunamcheka chini chini. Tuko sahihi? (Wacheshi wa nyuma)

JIBU: Kwa "return back" chekeni, lakini kwa adabu, "return" imeshabeba kurudi, hiyo "back" haifungi mlango wowote. Kwa "repeat again" nyamazeni kwanza. Kitu kikisemwa mara moja, ukikirudia ni mara ya pili, hiyo ni "repeat" tupu. Ukiambiwa "again" juu yake inaweza kuwa ni mara ya tatu, kwamba ulisema, ukarudia, na bado hujaeleweka. Kwa hiyo hesabuni vidoleni, kama ilikuwa ya pili mwalimu kateleza, na kama ilikuwa ya tatu basi mnaochekwa ni nyie.